Silanti ya Dicor na tepu ya EternaBond kwenye paa la faibaglasi, baada ya misimu miwili ya mvua Texas

Nimekulia Matondoni, kisiwani Lamu, hatua chache kutoka pale majahazi yanapopandishwa ufuoni. Baba alikuwa fundi wa kalafati. Nimemwona akishinda mchana kutwa akichokoa pamba kuukuu kwenye nyufa za mbao kabla hajatia hata uzi mmoja mpya. Leo naishi Fort Worth, Texas, na chombo ninachokishughulikia ni motahomu (gari lenye nyumba ndani yake) ya mwaka 1998, urefu futi 29, yenye paa la faibaglasi. Lilipoanza kuvuja nilitafuta maelezo kwa lugha yetu nikayakosa, ndiyo maana naandika haya kwa wenzangu wenye magari kama hili.

Mimi nilianza kwa kusikia harufu. Kabati lililo juu ya kitanda cha mbele lilikuwa na uvundo, na siku niliyoshusha blanketi nikalikuta limelowa chapachapa. Nikabonyeza dari kwa kidole gumba, ikabonyea kama mofa iliyochovywa mchuzini.

Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilinitoza dola 480 ikapaka silikoni nyeupe juu ya silanti (dawa ya kuzibia maungio) ya zamani iliyokwisha kupasuka. Miezi minne tu, maji yakarudi. Na silikoni ina ubaya wake juu ya paa: ikishakauka, hakuna kinachoishika. Si rangi, si rezini, si silanti nyingine. Hata silikoni mpya hubanduka juu ya ile ya zamani. Mimi na mwanangu tulitumia siku mbili na nusu kuikwangua kwa vikwaruzo vya plastiki, kisha msasa, kisha asetoni. Inauma kulipa pesa ili kazi izidi kuwa ngumu. Fundi akikujia na silikoni mkononi, mwambie ashuke ngazi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta maji yanapoingilia. Paa la gari langu ni kipande kimoja kilichopinda pembeni, na kingo zake zimechomekwa kwenye reli ya alumini inayopita ubavuni toka mbele hadi nyuma. Mstari wa silanti pale kwenye reli ndio unaozuia maji. Ukipasuka, maji huteremka ndani ya ukuta usiyaone, na gari likiwa mwendoni upepo unaweza kuingia chini ya ukingo huo na kulinyanyua paa. Watu wengi hukagua matundu ya feni wakaiacha reli. Sisi tulitumia mpira wa bustani: mmoja ndani na tochi, mwingine nje akimwagia maji sehemu moja kwa dakika kumi, kuanzia chini akipanda juu polepole. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Kwetu yaliingia kwenye taa ndogo za juu ya kioo cha mbele na kwenye reli ya upande wa kulia, lakini yalikuwa yakitokea kabatini, karibu futi nne kutoka hapo.

Ubao uliooza tuliutoa wote, tukaacha wazi kwa wiki nzima na feni ikipuliza. Ukiziba juu ya mbao mbichi unayafungia maji ndani.

Juu ya paa palikuwa pia na ufa wa urefu wa kiganja, ulioachwa na tawi la mti. Huo si wa silanti, ni wa faiba yenyewe. Tuliupanua kwa msasa mpaka kingo zikawa na mteremko, tukalaza vipande vitatu vya mkeka wa faiba, kila kimoja kikizidi kidogo kilicho chini yake, tukavilowesha rezini ya poliesta na kutoa mapovu kwa rola. Hadina, yaani dawa ya kuigandisha rezini, ni asilimia 1 hadi 2 tu. Siku ya kwanza nilichanganya nusu lita saa sita mchana, mwezi wa saba. Sikumaliza hata kipande cha kwanza. Mwanangu akapiga kelele, "Mama, kopo linafuka moshi!" Rezini ilikuwa imeganda humo ndani, na kopo halishikiki kwa moto. Kesho yake tulipanda saa kumi na mbili na nusu alfajiri, tukichanganya kiasi cha kikombe cha kahawa kila mara, na kazi ikaenda vizuri. Vaeni barakoa ya kemikali na mikono mirefu. Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu.

Sasa bidhaa zenyewe.

Silanti ya Dicor ile inayojisawazisha ndiyo niliyotumia kuzunguka feni, dirisha la paani, mabomba ya hewa na miguu ya ngazi. Unaikamua nene, unaiacha, nayo inatandaa taratibu kama uji mzito na kufunika vichwa vya skrubu bila kuguswa. Kuitazama kunanituliza moyo. Inashika faibaglasi vizuri na inabaki na unyumbufu, kwa hiyo paa likitanuka kwa jua nayo inafuata. Ila ni ya mahali tambarare tu. Kwenye mteremko itachuruzika, hapo nunua ile yao isiyotiririka. Kwa nje hukauka mapema, ila ndani huchukua siku nyingi. Mimi sikuosha paa mpaka mwezi mmoja ulipopita. Katriji moja, yaani mrija mmoja wa silanti, nilinunua dola 13.

Tepu ya EternaBond ya inchi 4 niliilaza kwenye reli zote mbili na kwenye maungio ya mbele na nyuma. Ni ghali, na naona inastahili bei yake. Lakini ikigusa paa, imegusa. Haibanduliwi ukaiweka upya, kwa hiyo mwenzako ashike roli ya tepu na wewe uvue karatasi ya nyuma kidogo kidogo, futi moja kwa futi moja, ukikandamiza kwa rola ya chuma kwa nguvu zako zote. Gundi yake inashika kwa mgandamizo, kuilaza kwa kiganja hakutoshi. Fikiria pia mbele: siku utakayotaka kulifungua paa, tepu hii itampa fundi taabu. Gari langu lina miaka mingi na sina nia ya kulifungua tena, nikaona sawa.

Masika mawili ya Texas yamepita, pamoja na usiku mmoja wa mvua ya mawe mwezi wa tano. Niliamka mara tatu usiku ule kupapasa kabati. Kavu. Kingo za tepu zimeshika vumbi jeusi kidogo, na pembezoni mwa dirisha la paani niliongeza Dicor mstari mmoja palipoingia kiufa chembamba. Nyota 5 kwa zote mbili.

Kwa wanaopanga bajeti: gari la futi 29 limekula katriji 9 za Dicor na roli mbili za EternaBond za futi 50, ikabaki kama futi 20 ninayoiweka chini ya kiti cha dereva.