Linux Mint 22 na Windows 11 kwenye steshenari yangu

Nyota nne kwa Mint, tatu na nusu kwa Windows 11. Hii ni mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta, na ninaitumia yote miwili dukani: kuchapa barua na CV, kuprinti, kuskani, kuwajazia watu fomu za mtandaoni.

Wengi hupima mfumo endeshi kwa wingi wa watumiaji. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na kwa takwimu za StatCounter, tovuti inayopima matumizi ya mifumo, ilifika Julai 2025 ndipo ikaipita Windows 10. Kwangu hiyo haitoshi kusema watu wameipenda. Kompyuta mpya huuzwa ikiwa nayo tayari, na muda wa kawaida wa masasisho ya Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu anahesabiwa siku anaponunua laptopu. Anayetumia Mint, mara nyingi kaitafuta mwenyewe.

Sasa angalia laptopu za mtumba tunazonunua. Nyingi zina prosesa ya Intel kizazi cha 6 au cha 7, wakati Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya kompyuta. Mashine ni nzima, kioo kizuri, kibodi haina shida, lakini kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11 haimo. Mint inakubali hata RAM ya GB 2, japo nashauri uwe na 4 na diski ya SSD.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni flashi. Wateja huja nazo zimejaa virusi, mafolda yamefichwa, zimebaki shotkati tupu, na mwanafunzi anakaribia kulia kwa sababu ya ripoti yake ya fildi. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Nikiichomeka kwenye Mint mafolda yote yanaonekana, nakopi, naprinti, tunamaliza.

Nyota ya tano imepotelea kwenye faili za Word. Zikiwa na majedwali mengi, au fonti ambayo haimo kwenye mashine, kurasa huhama zikifunguliwa na LibreOffice, programu ya kuchapa inayokuja na Mint. Mtu wa ripoti yenye yaliyomo na namba za kurasa huwa namhudumia kwenye Windows 11 yenye Word, na hapo sina lalamiko, imetulia.

Ukitaka kujaribu Mint, iweke kwenye flashi uwashe kompyuta kutokea humo, hakuna kinachofutwa kwenye kompyuta yenyewe. Anza na printa na skana yako; zikikubali, endelea kuisakinisha.