Mvua Kubwa za Mombasa: Kilele cha Mwaka au Kizingiti?

Mhandisi anayetafuta mvua ya miaka 10, yaani yenye uwezekano wa asilimia 10 kila mwaka, ili asanifu mifereji ya Mombasa, hutumia ama mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka, yaani kilele, ama kila mvua iliyovuka kizingiti fulani, yaani kiwango alichokichagua.

Kwa wingi wa data, kizingiti kinashinda waziwazi, kwa sababu mwaka wenye masika mazito na vuli kali kama ile ya Oktoba 1997 unaweza kutoa dhoruba kadhaa za maana, ilhali njia ya vilele hubakiza moja tu, na bado huhifadhi kilele hafifu cha mwaka wa ukame. Kwa urahisi, vilele viko mbele: mgawanyo wa Gumbel, kanuni ya takwimu ya kukadiria uwezekano wa vilele, hukokotolewa hata kwa kikokotoo cha mkononi. Kuchagua kizingiti ndiko kugumu. Kikiwa chini mno makadirio hupotoka, kikiwa juu mno data huwa chache, na mvua za mfululizo sharti zihesabiwe kuwa tukio moja.

Mwenye rekodi ya miaka 50 na mfereji wa mtaa atatoshelezwa na vilele. Mwenye miaka 15 ajaribu kizingiti. Kwa kalavati kuu, ambako kosa huzamisha nyumba za watu, naona zitumike njia zote mbili.