Namba yangu ilikuwa juu ya boksi: bromelia ndogo, kutoka Dar hadi Kigoma

Siku nne. Boksi langu lilikaa siku nne kwenye ofisi ya mizigo ya basi hapa Kigoma, chini ya kiroba cha ndizi, na juu yake kulikuwa na namba yangu ya simu kwa kalamu nene ambayo hata mtu aliyesahau miwani angeisoma toka mlangoni. Hakuna aliyenipigia. Nilijiambia nitaandika nikishatulia. Miezi imepita, sijatulia, basi naandika hivi hivi.

Mimi naishi Mwanga, hapa hapa Kigoma, chumba kimoja na kibaraza kinachotosha viti viwili na jiko. Maua ya ndoo na mapipa sina pa kuyaweka. Ndiyo maana niliangukia bromelia, mimea ya ukoo wa nanasi, tena zile ndogo kabisa. Neoregelia Fireball ikikomaa unaweza kuiweka juu ya kikombe cha chai na ikaenea. Cryptanthus inalala chini kama nyota iliyodondoka, haipandi juu. Na Tillandsia ionantha ndiyo iliyonimaliza, maana haitaki hata udongo: unaifunga kwenye kijiti, inakunywa maji kwa majani yake, kupitia magamba madogo meupe ambayo ukiyatazama kwa karibu ni kama vumbi la unga. Kibaraza changu kizima kingegeuka bustani na jirani asikose njia ya kupita. Hilo lilinifurahisha mpaka nikawa silali.

Nikaagiza kwenye kitalu kimoja cha Dar. Mama mwenye kitalu tuliongea vizuri, nikatuma hela kwa simu, akanitumia picha za kila mche kabla ya kufunga. Fireball mbili, Cryptanthus tatu, ionantha nne. Kila mmoja alimvingirisha gazeti kavu, boksi akalitoboa matundu, akachora mshale wa kuelekea juu, akaandika jina langu na namba. Kwa upande wa kufunga mzigo sijaona kazi safi kama ile, na nasema hivyo nikiwa bado na hasira naye kwa jambo jingine.

Basi la Dar linafika hapa baada ya safari ndefu, tunajua wote. Nilihesabu siku, nikaongeza moja. Simu kimya. Nikampigia mama wa kitalu, akasema mzigo umefika zamani, amethibitisha. Nikapanda bodaboda mpaka stendi.

Karani wa mizigo nilimkuta anakula. Nikamsalimia, "Mwakeye," hakuitika. Nikasema nimefuata boksi lenye miche. Akaangalia daftari lake kwa muda mrefu, kisha akasoma kwa sauti ili foleni nzima isikie: "Majani." Ndivyo walivyoandika kwenye daftari. Boksi limelipiwa, lina risiti, lina jina la mtu mzima, na kwenye daftari ni majani.

Akalitoa chini ya kile kiroba. Limelala ubavu, mshale unaonyesha ukutani. Upande mmoja ulikuwa umelowa, na joto la mle ndani lilikuwa la kuivisha kitu. Nikaomba nifungue mwenyewe. Akasema hapana, mzigo wa namna hii lazima aukague, isije ikawa bangi. Foleni ikacheka. Akapasua kwa kisu, akachambua magazeti, akatoa Fireball ya kwanza akaishika kichwa chini. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka mikono inanitetemeka. Alishika jani la katikati, lile changa kabisa, akalivuta. Likatoka zima, na shina lake jeupe. Akalinusa.

"Dada, haya si majani tu? Porini huku yamejaa."

Hayajajaa. Hayapo hata moja. Bromelia asili yake ni Amerika, kuanzia Marekani kushuka mpaka kusini kabisa, na katika ukoo wote wa maelfu ya aina kuna moja tu inayoota porini Afrika, nayo iko Guinea, upande wa pili wa bara. Fireball na Cryptanthus ni watoto wa Brazil. Kitu pekee cha ukoo huo ambacho yule kaka amewahi kukiona Kigoma ni nanasi, ambalo nalo lililetwa. Nilimwambia hivyo hivyo, pale pale, mbele ya watu, na sauti yangu ilipanda. Akanijibu, "Basi kumbe mananasi, mbona hujasema?" Foleni ikacheka tena. Nikauliza kwa nini hakupiga simu, nikamwonyesha namba. Akasema salio lake yeye si la kampuni.

Nilisaini nikaondoka. Kwenye bodaboda nilililalia lile boksi kama mtoto mgonjwa.

Nyumbani nilikuta hali hii. Cryptanthus zote tatu zilikuwa zimeoza shingo, ukigusa jani linabaki mkononi. Hizo zinapenda unyevu zaidi kidogo kuliko wenzake, lakini siyo kulowa siku nne gizani bila hewa. Fireball ya pili ilikuwa imepauka tu. Ile iliyovutwa jani nilijua moyo wake umekufa, kwa sababu bromelia hukulia katikati, na katikati pakiondoka hakuna jani jipya litakalotoka pale. Ionantha nne zilikuwa nzima, kavu, kama hazikusafiri. Nikampigia mama wa kitalu nikilia. Akasema, "Mwanangu, mzigo ukishapanda basi mkono wangu umeisha." Jambo lenyewe ndilo hili. Mtu aliyefunga kila mche kama yai, anakuambia mkono umeisha! Niliandaa kumpa nyota moja siku ile.

Lakini kesho yake alfajiri alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, bila kuulizwa. Kata palipooza mpaka nyama safi, acha pakauke siku mbili, usipande kwenye udongo wa shamba, tumia kitu kinachopitisha maji. Na akaniuliza natumia maji gani. Nikamwambia ya bomba. Akasema, ya bomba ya Kigoma si ya ziwani? Weka ya mvua. Sikuwahi kulifikiria. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na mimea hii inataka maji yenye asidi kidogo. Ukiijaza maji ya ziwa kwenye kikombe chake cha katikati, pale majani yanapokutana, yanakauka yakiacha utando wa chumvi juu ya majani, na yale magamba ya kunywea yanaziba. Mvua zilikuwa zimeshaanza, nikatega ndoo chini ya bati. Utando huo haujaonekana tena. Kwa ushauri huo peke yake nyota zake zilipanda mpaka nne, na hapo zimekaa, ingawa kuna siku nazishusha.

Kwa udongo nimechanganya vipande vya mkaa na maganda ya mise, yaani kokwa za michikichi, yale yanayobaki akina mama wakishapasua, hapa hayana bei. Vikombe ni vya mtindi, nimevitoboa chini. Ionantha nimezifunga kwenye tawi kavu la mwembe, kwa uzi wa nailoni, kamwe si kwa waya wa shaba, maana shaba ni sumu kwao. Tawi linaning'inia dirishani na halichukui nafasi yoyote sakafuni. Mama mwenye nyumba aliogopa mbu, na hofu yake ni ya haki, hapa malaria hatuichezei. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki nainamisha kila Fireball, namwaga maji ya kikombe yote, naweka mapya. Kiluwiluwi hapati muda wa kuwa mbu. Amekuja kukagua mwenyewe, ameridhika.

Sasa sehemu inayonichanganya. Ile Fireball iliyonyofolewa moyo haikufa. Baada ya wiki kadhaa ilianza kutoa machipukizi pembeni, moja, kisha la pili, kisha la tatu. Mmea uliopoteza katikati unahamishia nguvu kwenye watoto. Ile nzima haijatoa hata moja. Na ionantha moja, katika kipindi hicho hicho, ilianza kuwa nyekundu toka ndani, nyekundu ya pilipili, kisha ikatoa maua ya zambarau membamba kama njiti, na chavua ya manjano kwenye ncha. Nilikaa kibarazani nimeipakata tawi zima. Majirani waliniita nile, sikwenda.

Mama wa kitalu ndiye aliyenitajia ndizi. Ndizi zikiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na ukoo wa nanasi ukikaa na gesi hiyo mahali palipofungika, mmea uliokomaa hushtuka ukatoa ua. Wakulima wa nanasi hunyunyizia dawa ya namna hiyo shamba zima litoe ua kwa pamoja. Na boksi langu lilikaa siku nne chini ya kiroba cha ndizi, kwenye chumba kisicho na dirisha. Siwezi kuapa kuwa ndiyo sababu. Inawezekana muda wake ulikuwa umefika tu. Lakini siku nikiamini ni ndizi, nashindwa la kusema kuhusu yule karani. Nimshukuru? Bromelia nyingi, hizi zangu zikiwemo, kila mmea hutoa ua mara moja tu katika maisha yake. Ikishatoa, mama huanza kuzeeka taratibu, anaacha watoto, anakwisha. Kama ni ndizi, basi zimenipa uzuri ambao sijawahi kuuona na zimeuharakisha mmea wangu kufa, vyote kwa pamoja.

Hapana, simshukuru. Angepiga simu, ningekuwa na Cryptanthus tatu.

Kwa kitalu: agizeni, ila mwambieni mapema nani atabeba hasara mzigo ukiharibika, na msikubali jibu la mkono kuisha. Kwa basi lile sitoi nyota. Mzigo ujao nitaupokea mlangoni mwa basi lenyewe likiingia, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mvua inanyesha.

Chipukizi la kwanza sasa limefika nusu ya kimo cha mama yake, wiki hii nalitenga. Vikombe nimekosa, kwa hiyo nitalipanda kwenye kipande cha lile boksi nilichokikunja na kukizungushia nailoni, upande wenye namba ukitazama nje. Wino haujafutika hata tarakimu moja.