Uzoefu wangu wa kurudisha makava na bolti zilizopotea kwenye injini ya Subaru Impreza WRX ya 2001

Siku niliyolinunua gari hili, muuzaji alifungua boneti kwa mbwembwe, akaiwasha injini, nami nikajikuta nasikiliza badala ya kutazama. Ni Impreza WRX ya mwaka 2001, ile yenye taa za duara, yenye injini ya EJ205 ya sentimita za ujazo 1,994 na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambayo kwa soko la Japani ilitoka kiwandani na nguvu farasi 250. Mlio wake ulinitosha, nikalipa. Jumapili iliyofuata nilipopenyeza tochi nyuma ya feni za rejeta, nikauona mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati na mwendo wa pistoni, ukiwa wazi kabisa, pale ambapo palipaswa kuwa na kava la kushoto.

Nilichukua daftari nikahesabu. Kava la kushoto la taimingi halikuwepo, la katikati lilikuwa limeshikwa na bolti mbili na skrubu moja ya mbao, na la kulia lilining'inia kwa tai ya plastiki ambayo tayari ilikuwa imekauka kwa joto. Kava linalofunika mkanda wa altaneta, mtambo unaochaji betri, halikuwepo, na kava la chini la injini lilikuwa limefungwa kwa waya wa bindingi sehemu nne. Jumla nilikuta bolti 17 hazipo, bila kuhesabu klipu. Kwa gari lililowahi kubadilishiwa mkanda wa taimingi mara mbili au tatu katika gereji tofauti, hali hiyo si ya ajabu, kwa sababu kila fundi hufungua bolti zote na kurudisha zile anazoziona.

Fundi wangu wa siku zote, ambaye namheshimu sana kwa upande wa injini yenyewe, aliniambia, “Bosi, hayo makava ni urembo tu, gari linatembea bila hayo.” Kwa baadhi ya magari maneno yake ni kweli: ile plastiki kubwa inayowekwa juu ya injini ikiwa na jina la kampuni, kazi yake kubwa ni kupendezesha na kupunguza kelele. Makava ya taimingi ni habari nyingine. Katika EJ205, mkanda ukiruka meno ya kutosha au ukikatika, pistoni hukutana na valvu, na hapo unazungumzia kufungua vichwa vya silinda. Kokoto moja iliyorushwa na tairi ikaingia kati ya mkanda na gia ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, inatosha kuleta hasara hiyo. Najua wapo watu wa mbio wanaotembea bila kava kwa makusudi, ili waone mkanda kwa urahisi, lakini wao hukagua gari lao kila baada ya mashindano, na mimi naenda nalo kazini.

Makava niliyapata Sharjah, Falme za Kiarabu. Zipo yadi kule zinazofungua magari ya Kijapani kipande kwa kipande, na binamu yangu anayeishi huko alikubali kuzipitia kwa niaba yangu. Muuzaji wa kwanza alituma makava ambayo kwenye picha yalionekana sahihi kabisa. Yalipofika Dar es Salaam nikayaweka mbele ya injini na kugundua kuwa ni ya EJ20 yenye kamshafti moja kila upande, ilhali yangu ina mbili; EJ20 ni jina la familia nzima, na EJ205 yangu ni mmoja wao. Umbo la mbele linatofautiana wazi ukiyashika mkononi, kwa kuwa kava la kamshafti mbili linapaswa kufunika gia mbili kubwa zilizopangana, moja juu na moja chini. Muuzaji alikataa kurudisha fedha kwa hoja kwamba tuliagiza “makava ya EJ20” na yeye ametupa makava ya EJ20. Kwa maneno matupu alikuwa na haki, na tangu hapo nimeacha kuagiza chochote kwa jina la injini peke yake: natuma namba ya chasisi, picha ya sehemu yenyewe, na idadi ya gia zinazotakiwa kufunikwa.

Seti ya pili ilikuja sawasawa. Makava matatu pamoja na usafiri yalinigharimu shilingi 150,000, yote yakiwa ya mtumba na ya asili, plastiki yake ikiwa bado na unyumbufu, na mpira mwembamba wa pembeni unaozuia vumbi ukiwa mzima kwenye makava mawili kati ya matatu. Huo mpira ndio wa kuangaliwa kwanza. Kava lisilo na mpira litakaa vizuri na litapendeza, lakini vumbi la barabara ya changarawe litapita pembeni kama kawaida. La tatu nililiwekea mpira wa sponji wenye gundi unaotumika milangoni, nao umeshikilia mpaka leo, ingawa siwezi kuusifu kama wa kiwandani.

Upande wa bolti ndio ulionifundisha zaidi, kwa sababu nilidhani ndio mwepesi.

Nilianza kwa kuagiza mtandaoni sanduku la bolti mchanganyiko 250, lililotangazwa kuwa ni la “magari ya Kijapani”, kwa shilingi 60,000. Lilifika limepangwa vizuri, kila ukubwa kwenye kichumba chake, bolti zinang'aa rangi ya dhahabu iliyofifia kama zile za kiwandani. Nilipozipima kwa kalipa, kipimo cha vipenyo vidogo, kipenyo kilikuwa sahihi: milimita 6, na umbali kati ya jino na jino milimita 1, ndivyo zilivyo bolti nyingi ndogo za injini hii. Kasoro ilikuwa vichwani. Bolti za milimita 6 zilikuwa na kichwa cha spana namba 10, jambo ambalo ni sahihi, lakini za milimita 8 zilikuwa na kichwa cha namba 13. Kwenye gari la Kijapani bolti ya milimita 8 kwa kawaida hufunguliwa kwa namba 12, na ya milimita 10 kwa namba 14. Namba 13 ni utaratibu wa Ulaya. Hilo halizuii bolti kufanya kazi, ila sehemu yenye nafasi finyu soketi ya 13 haiingii, na fundi atakayekuja baadaye atakulaani akiwa amelala chini ya gari.

Kasoro kubwa zaidi niliikuta baada ya wiki mbili. Bolti tatu kutoka sanduku lile, zilizofungwa kwenye kava la chini ambako maji hurukia, zilikuwa zimeota kutu kwenye pembe za kichwa. Mimi naishi karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na rangi ya juujuu. Moja nilipoifungua ilikatika shingo bila nguvu yoyote ya maana. Kichwani hazikuwa na alama yoyote ya ugumu, wakati bolti ya kuaminika huwa na namba, iwe 8.8 kwa mfumo wa kimataifa, au tarakimu moja kama 4 au 7 inayoonekana sana kwenye bolti za Kijapani. Sanduku hilo sasa nalitumia kwa kazi za nyumbani, na lango la banda la kuku limefaidika kuliko Subaru.

Niliwahi pia kwenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na ni haki niseme kuwa huko bolti zipo tele na wauzaji wanajua kazi yao, mradi ujue unachokitafuta. Hatari yake ni bolti ya robo inchi. Ukiitazama kwa macho inafanana sana na ya milimita 6, lakini kipenyo chake ni milimita 6.35 na meno yake ni 20 kwa kila inchi, yaani umbali wa karibu milimita 1.27 kati ya jino na jino. Ukiisukuma kwenye tundu la aluminiamu itaingia mizunguko miwili, utahisi ugumu, utadhani ni uchafu, utaongeza nguvu, na hapo meno ya tundu yameshakwenda. Nina hakika ndivyo alivyofanya aliyetangulia, maana tundu moja la mabano ya kava la altaneta nililikuta limechakaa namna hiyo hiyo, na vipande vya aluminiamu vikiwa vimeviringika ndani kama nyuzi. Nilipata mchonga vyuma katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, aliyelitoboa upya na kulipachika koili ya chuma yenye meno mapya ya milimita 6. Ilimchukua nusu saa. Tahadhari nyingine ni bolti za milimita 10: kwenye gari la Kijapani nyingi zina umbali wa milimita 1.25 kati ya meno, ilhali dukani utapewa ya 1.5 usipotaja.

Mwisho nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliingia kwenye katalogi ya spea ya Subaru kwa kutumia namba ya chasisi, nikafungua mchoro wa makava ya taimingi, nikaandika namba ya kila bolti, na kuagiza bolti 24 za asili kutoka kwa msafirishaji wa Japani. Kila moja ilinifikia kwa takribani shilingi 3,500 baada ya kugawanya nauli. Ukiwaza bei ya bolti moja utaona ni wazimu. Ukiwaza kwamba gari zima linahitaji dazeni mbili tu, ni pungufu ya bei ya tairi moja. Zilikuja katika vifuko vidogo vyenye namba, urefu tofauti kwa sehemu tofauti, na sehemu hiyo ya urefu ndiyo ambayo sanduku la mchanganyiko haliijui. Bolti ndefu kupita kiasi hugota kabla kava halijabanwa, na ukiendelea kukaza, plastiki hupasuka pale kwenye jicho la bolti. Nimepasua jicho moja hivyo hivyo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Chukua tahadhari pia na bolti za chuma cha pua na zile za rangi ya buluu zinazopendwa na wapambaji. Chuma cha pua hakioti kutu kirahisi, lakini kikikaa ndani ya aluminiamu penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni aluminiamu. Kama ni lazima uzitumie, zipake grisi ya kuzuia kutu kwanza.

Kuhusu klipu za plastiki nitasema machache. Nilinunua sanduku la klipu 100 kwa shilingi 25,000, nusu yake haikulingana na tundu lolote la gari langu, na nyingine zilivunjika pini siku ya kwanza kuzifungua. Zilizobaki zinafanya kazi. Kwa kava la chini ningeshauri uchanganye: klipu pembeni, bolti za kweli kwenye sehemu nne zinazobeba uzito.

Kazi ya kufunga niliifanya na fundi wangu Jumamosi moja, yeye akiendelea kunicheka. Tulitoa feni za rejeta ili kupata nafasi, tukatoa mikanda miwili ya nje, kisha puli ya krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa sababu kava la katikati halitoki wala haliingii puli ikiwa mahali pake. Kikwazo kilikuwa nati ndogo za chuma zilizozamishwa kwenye plastiki ya kava la ndani. Bolti ikioteana kutu na nati hiyo, ukiizungusha nati nayo huzunguka ndani ya plastiki, na huwezi kufungua wala kukaza. Tuliikuta moja ya namna hiyo. Fundi aliishika nati kwa koleo jembamba kutoka nyuma, nami nikafungua taratibu, kisha tukaijaza gundi ya epoksi pembeni na kuiacha ikauke usiku kucha. Hapo alinyamaza kucheka, akasema, “Kumbe ndiyo maana wanaziacha.”

Kiwango cha kukaza makava haya ni newton mita 5 tu, nguvu ambayo mtu aliyezoea kukaza nati za magurudumu haisikii kabisa mkononi. Sisi tuliweka soketi namba 10 kwenye mpini wa bisibisi badala ya racheti, ili kiganja chenyewe kiwe kikomo.

Sasa ni miezi kumi. Nimekwenda nalo Dodoma mara mbili na nimepita mvua za masika zenye madimbwi ya kufika kwenye bampa. Wiki iliyopita nilifungua kava la kushoto kwa bolti zake za asili, zikatoka kwa sauti laini bila kukwama, na ndani nikakuta mkanda mkavu, vumbi kidogo la kawaida, hakuna tope wala alama ya mafuta. Kabla ya hapo sehemu hiyo ilikuwa na uji wa vumbi na mafuta uliogandamana kwenye ukingo wa gia. Bolti za asili nazipa alama zote. Makava ya mtumba ya Sharjah nayapa nane kwa kumi kwa sababu ya mpira uliokosekana, klipu nne, na sanduku la mchanganyiko mbili, moja ikiwa ni ya hilo sanduku lenyewe, ambalo ni zuri.

Kinachokosekana bado ni kava la mkanda wa altaneta. Tundu lake limeshatengenezwa na bolti zake zimo kwenye kifuko ndani ya droo ya dashibodi, na binamu ameniahidi kurudi yadini mwisho wa mwezi, safari hii akiwa na namba ya chasisi mfukoni.