Uzoefu wangu na Leaflet: ramani ya maji inayofunguka kwenye simu ndogo

Nilikuwa na jedwali la visima na vioski vya maji vya mtaa wetu hapa Dar es Salaam: jina, bei ya ndoo, na vipimo vya GPS nilivyovichukua nikiwa nimesimama palepale. Lakini mtu mwenye ndoo kichwani hasomi jedwali. Anataka ramani, tena ifunguke kwenye simu yake.

Ndipo nikaanza kutumia Leaflet, maktaba ya JavaScript ya bure (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuweka ramani kwenye ukurasa wa wavuti) iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Ni nyepesi mno: ikibanwa ni takriban kilobaiti 42. Unaandika L.map, kisha setView([-6.8, 39.28], 12), unaongeza vigae, yaani vipande vya picha ya ramani, vya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea; jiji hilo hapo. Na ramani ya Dar ndani ya OpenStreetMap imefanyiwa kazi kweli. Kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita kata kwa kata chini ya mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba na mitaro kwa sababu ya mafuriko. Niliposogeza karibu nikaona hadi kichochoro cha kwenda kisimani, nilifurahi sana.

Mwanzoni visima vyangu havikuonekana kabisa. Nilihangaika mpaka usiku wa manane. Niliporudisha ramani nyuma nikavikuta vyote Hispania, karibu na mpaka wa Ureno! Nilikuwa nimenakili namba kutoka faili la GeoJSON (muundo wa kuhifadhi data za ramani), ambalo hutanguliza longitudo, nikaziweka kwenye L.marker, amri ya kuweka alama, inayotaka latitudo kwanza. Ukilipitisha faili zima kwenye L.geoJSON, yenyewe inazigeuza. Wewe unayeanza, alama zikipotea kagua hapo kwanza.

Ukiwa na maelfu ya alama, simu itaanza kukwama. Tumia kiongezi cha kuzikusanya kwa mafungu. Pia, kinachokula bando ni vigae. Mimi nimeweka maxBounds na minZoom ili ramani isitoke nje ya kata yetu. Na jina la OpenStreetMap lililo pembeni usilifute: ni sharti la leseni, na ni haki ya waliotembea juani.

Jirani yangu muuza chapati aligusa alama moja, akasoma bei, akasema, "Hapa wameshapandisha tangu juzi." Jioni ile nikarekebisha faili. Asubuhi akafungua tena, akamwonyesha mteja wake.