Kielelezo cha hipokampasi: umbo zuri, ila seli zuizi zote wamezipaka rangi moja

Mzigo ulishuka Mokowe kwa basi, ukavuka kwa boti hadi gati ya Lamu, kisha ukapanda punda mpaka Langoni. Kwa safari hiyo nilitegemea kufungua sanduku nikute vifusi. Nilikuta kitu kizima, isipokuwa kijiti kimoja cha plastiki kilichokatika. Basi kwa kufungasha, duka hilo la mtandaoni nalipa haki yake. Bei shilingi 7,800, nauli ndani.

Nafundisha biolojia kidato cha tatu na cha nne. Nilichonunua ni kielelezo cha hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, kilichokuzwa hadi ukubwa wa sinia, pamoja na kijitabu. Umbo lenyewe ni zuri mno. Aranzi, mwanaanatomia wa Bologna, alipokiita kiungo hiki kwa jina la farasi wa baharini mwaka 1587, hakukosea, na wanafunzi wangu, ambao wengi baba zao ni wavuvi, walilitambua lile pindo la mkia kabla sijafungua mdomo.

Upande wa pili kimekatwa kuonyesha eneo moja la hipokampasi liitwalo CA1, tabaka juu ya tabaka. Seli za piramidi, ambazo ndizo nyingi, ni za buluu na zimepangwa safu. Seli zuizi, zile zinazozinyamazisha nyingine kwa kemikali iitwayo GABA, ni vijiti sita vyekundu. Sita, vyote sawasawa, na unavichomeka tundu lolote upendalo. Kijitabu kinaviita “breki”, na maelezo yameishia hapo.

Hapo nilikasirika. Kweli seli hizi ni chache, kama moja kati ya kila kumi katika CA1, lakini uchache wao si sababu ya kuzifanya pacha. Mwaka 2008 Thomas Klausberger na Peter Somogyi waliorodhesha aina 21 katika eneo hilo hilo moja la CA1. Sidai vijiti 21 kwa shilingi 7,800. Nadai vinne vinavyotofautiana.

Marehemu babangu alikuwa nahodha wa mashua. Ungemuuliza chombo husimamishwa vipi, angekuuliza wewe: kisimamishwe kwa nini? Unaweza kutia nanga, unaweza kushusha foromali (mti unaobeba tanga), unaweza kulegeza demani (kamba ya tanga) upepo upite bure. Kila moja ina kamba yake na saa yake. Seli hizi ndivyo zilivyo. Seli za kikapu hushika mwili wenyewe wa seli ya piramidi. Kwa panya, seli moja ya kikapu hufikia piramidi zaidi ya elfu. Seli ya thurea (itazame aksoni yake, yaani uzi mrefu unaopeleka ujumbe, utaona zile thurea za msikitini) hugusa mahali pamoja tu, mwanzo wa aksoni ya piramidi, pale msukumo unapozaliwa. Na ile ninayoipenda kuliko zote, ya O-LM (herufi za majina ya tabaka inakolala na inakofikia), mwili wake umelala tabaka la chini lakini aksoni yake hupanda hadi juu kabisa, kwenye ncha za matawi ya piramidi, ambako habari kutoka gamba la entorhina, sehemu jirani ya ubongo, huingilia. Hii kazi yake kubwa ni kupunguza kinachoingia. Demani hiyo.

Sasa niambie, kijiti kisichovuka hata tabaka moja kitaonyeshaje hayo?

Nilikipeleka kwa ami yangu mchonga milango. Alivipanga vile vijiti kiganjani, akaniuliza, “Mwanangu, hizi si kitu kimoya?” Nikamwambia ndiyo taabu yenyewe. Akatoboa matundu kwa keekee yake nyembamba, akapinda waya wa shaba ukapanda kutoka chini hadi juu, nami nikamalizia kwa rangi ya mashua iliyobaki kwa jirani. Seli za kikapu nimezipa rangi mbili, kwa sababu nazo ziko namna mbili: zenye protini iitwayo parvalbumini, za haraka na zenye kushika mapigo, na zenye kemikali iitwayo kolesistokinini, ambazo kwenye ncha za aksoni zao hubeba vipokezi vinavyonaswa na kemikali ya bangi. Vikinaswa, GABA hutoka kidogo. Kidato cha nne kilinyamaza kimya nilipofika hapo, na sikuuliza kwa nini.

Kile kijiti kilichokatika nimekifanya seli ya VIP (herufi za jina la kemikali inayobeba). Kifupi, lakini chafaa: wengi katika kundi hilo huwazuia wazuiaji wenzao, mfano wa mtu anayemwamuru baharia ang'oe nanga.

Kijitabu kina ukurasa mmoja bora, wa kifafa, na kwa huo nasamehe mengi. Kinaeleza kwamba diazepamu hukata degedege kwa kuipa GABA nguvu zaidi. Kinaeleza pia ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni, ambao mara nyingi hutokana na hitilafu katika jeni ya SCN1A: mfereji wa sodiamu, mlango wa seli unaowasha msukumo, unadhoofika, na seli zuizi ndizo zinazoumia zaidi. Ndiyo maana karbamazepini, dawa inayowafaa wagonjwa wengine wa kifafa kwa kufunga mifereji ya sodiamu, humzidishia degedege mtoto mwenye Dravet. Ninaye mwanafunzi mwenye kifafa, na mtaani bado wapo wanaosema ni shetani. Ukurasa ule nimeutoa nakala nikampa mamake.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu rangi. Wakajibu kwamba nyekundu ni ya kiwandani. Kuhusu kijiti kilichokatika hawakujibu chochote.

Nyota tatu kati ya tano. Kama una fundi karibu na kopo la rangi, nunua. Kama unataka kitu cha kutoa sandukuni na kuingia nacho darasani, hiki bado. Na ukipaka, usitumie rangi ya mashua kama mimi: kielelezo kiko juu darini siku ya pili leo, juani, na bado kinanata vidoleni.