Spika ya bluetooth: kabla hujatoa hela, sikiliza kwanza

Karibuni tena, watu wangu. Leo mezani nina spika tatu za kubeba mkononi: JBL Go 3, Flip 6 na Charge 5. Ndizo mnazoniulizia sana, na ndizo zilizojaa Kariakoo, orijino na feki zikiwa zimepangwa rafu moja.

Tuanze na wati, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Pita mtaa wa Aggrey uone: boksi limeandikwa wati 1000, spika yenyewe inaenea kiganjani. Sasa shika hii Charge 5, ina uzito wa karibu kilo nzima, na ni wati 40. Flip 6 ni 30. Go 3 ni 4.2 tu. Hizo ni wati ambazo spika inazimudu muda wote inapopiga. Zile 1000 kwa kawaida ni PMPO, namba ambayo haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajipangia chake.

Kwa hiyo boksi liweke pembeni, utumie masikio. Na tafadhali, usikubali muuzaji akupigie wimbo wake. Yeye ameshauchagua ule unaoibeba spika. Unganisha simu yako, weka singeli. Singeli inakimbia, ngoma hazipumui, na spika dhaifu inazivuruga zote zinakuwa mngurumo mmoja. Halafu weka taarabu, msikilize mwimbaji na zile fidla. Pandisha sauti mpaka mwisho huku umeishika spika mkononi. Ukisikia kitu kinachakacha kama sarafu ndani ya kopo, mrudishie mwenyewe. Hapa Flip 6 imenikosha kabisa, kwa sababu ndani ina spika ya pili, ndogo, ya kazi ya sauti nyembamba tu, kwa hiyo maneno ya mwimbaji hayazami kwenye bezi. Go 3 ni ya chumbani. Ukiitoa barazani watu wakianza kupiga stori, imemezwa.

Angalieni huku pembeni mwa Flip 6, nasogeza kamera. Mnaona hiki kiduara kinavyocheza ngoma ikigonga? Hakina waya wowote. Kinasukumwa na hewa iliyofungiwa ndani, na ndicho kinachoipa spika ndogo namna hii bezi nzito. Nawaomba msikibonyeze kwa kidole, na mkiiweka kwenye begi isibanwe na kitu kigumu upande huo.

Maji sasa, maana najua Jumapili mnaelekea Coco Beach. Zote tatu ni IP67. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, 7 maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Ukikuta IPX7, hiyo X ni kwamba kwenye vumbi haikupewa alama. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na bahari yetu mnaijua. Chumvi ikikaukia kwenye tundu la chaji inakula vile vyuma vya ndani. Ukitoka ufukweni, isuuze kwa maji ya bomba, ikung'ute, iache ikauke kabisa ndipo uchomeke chaji. Kuchomeka kukiwa na unyevu ndiko kunakoua spika nzima.

Chaji: kiwanda kinasema saa 5 kwa Go 3, 12 kwa Flip 6, 20 kwa Charge 5. Hizo ni saa za sauti ya wastani. Ukifungulia mpaka mwisho, toa nyingi tu hapo.

Kama una mpango wa kuunganisha mbili zipige pamoja, kuwa makini. Flip 6 na Charge 5 zinatumia PartyBoost. Flip 7 na Charge 6 zimehamia Auracast, na mifumo hiyo miwili haishikani. Mwenye Flip 6 nyumbani akinunua Flip 7 ili aziunganishe, ameumia. Go 3 haina kabisa.

Na feki? Tazama matundu. Hizi tatu hazina sehemu ya memori kadi, hazina redio, hazina hata tundu la waya wa muziki. Ukiuziwa Flip 6 inayomeza memori kadi, hata ikiwa na nembo inayong'aa, hiyo si yenyewe. Kwa Flip 6 na Charge 5, pakua kabisa programu ya JBL Portable kabla hujaenda dukani, uone kama inaitambua spika kabla hujalipa.

Mimi mtu akiniuliza achukue ipi, namwambia Flip 6: sauti safi, inabebeka, inatosha uani. Charge 5 namshauri yule ambaye kwao umeme unakatika mara kwa mara, kwa sababu ina betri ya mAh 7500 na tundu la USB nyuma, simu inachaji huku muziki unaendelea.